Mikataba ya Ushuru Iende Bungeni, Sarafu Iende kwa Kura

MFANYABIASHARA wa mahindi na maharage wa Majengo, mjini Sumbawanga, huulizia mambo matatu kabla ya kufunga mzigo: bei ya gunia, nauli ya lori na hali ya mpaka. Jambo la nne halizungumzwi sokoni, ingawa linaweza kubadili yote matatu. Nalo ni mikataba ambayo Serikali inatiliana saini na nchi nyingine.

Mzigo unaopita Kasesya kuingia Zambia unategemea itifaki ya biashara ya SADC, kwa kuwa Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 wakati Zambia imebaki humo. Mzigo unaoteremka Kasanga kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda Kongo umefunguliwa mlango mwingine, angalau kwenye karatasi, tangu nchi hiyo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022.

Swali ni nani aseme ndiyo kwa niaba ya mwenye mzigo: mbunge wake au yeye mwenyewe kwa kura ya maoni?

Sheria iko wazi. Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Kura ya wananchi haimo. Hata Hati za Muungano zilizotiwa saini Aprili 22, 1964, zilipitishwa na Bunge la Tanganyika siku tatu baadaye, bila mwananchi kupiga kura.

Wapo wanaotaka kila mkataba urudishwe kwa wananchi. Hoja yao ina uzito lakini haitekelezeki. Jedwali la ushuru lina maelfu ya mistari na haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Aidha, Katiba Inayopendekezwa ilipangiwa kupigiwa kura Aprili 30, 2015, ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekamilika, na kura hiyo haijapigwa hadi leo. Nchi iliyoshindwa kupiga kura moja juu ya katiba yake haiwezi kupiga kura kwa kila itifaki ya forodha. Maharage yatabunguliwa ghalani.

Kwa mikataba ya ushuru, basi, Bunge linatosha, ila kwa sharti moja: lipewe mkataba mapema. Mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, maarufu kama EPA, ni mfano mzuri. Kenya na Rwanda zilitia saini Septemba 1, 2016. Tanzania ilisita, na Novemba mwaka huo Bunge likaujadili kabla ya saini na kushauri usitiwe saini ulivyo. Tanzania haikutia saini. Kenya iliendelea peke yake na mkataba wake na Ulaya ukaanza kutumika Julai 1, 2024. Mtu anaweza kubisha kama uamuzi wa Dodoma ulikuwa na faida, lakini hawezi kusema Bunge halikuwa na kazi.

Mkataba wa bandari na Dubai ulikwenda kinyume. Ulitiwa saini Oktoba 2022 na Bunge likauridhia Juni 10, 2023. Baada ya saini, mbunge hana la kurekebisha. Anabakiwa na kukubali au kukataa. Malalamiko yalizagaa nchi nzima, na kesi ikafika Mahakama Kuu mjini Mbeya, ambako walalamikaji walidai pamoja na mengine kwamba muda wa kutoa maoni ulikuwa mfupi mno. Mahakama iliitupa kesi hiyo Agosti 10, 2023, lakini manung'uniko hayakuisha.

Hata hivyo, iko mikataba ambayo Bunge peke yake halitoshi. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilitiwa saini Kampala Novemba 30, 2013, na Bunge limekwisha iridhia. Lengo la sarafu moja lilikuwa mwaka 2024, sasa limesogezwa hadi 2031. Siku hiyo ikifika, Benki Kuu ya Tanzania haitaamua tena peke yake riba wala thamani ya fedha. Mwenye hatifungani na anayebadili kwacha mpakani wote wataguswa. Ni wangapi Majengo wanajua kwamba shilingi imekwisha wekewa ahadi ya kuondoka?

Denmark inafundisha. Katiba yake inataka mkataba unaohamisha mamlaka ya nchi upate wabunge watano katika kila sita, la sivyo wananchi wapige kura. Juni 2, 1992 wananchi waliukataa Mkataba wa Maastricht. Serikali ilirudi mezani, ikapata msamaha wa kutojiunga na sarafu moja, na mwaka 1993 wananchi wakakubali. Leo Denmark imo katika Umoja wa Ulaya na bado inatumia krone. Kukataa hakukuvunja soko. Kulileta masharti bora.

Wapo watakaosema mwananchi wa kawaida hayaelewi mambo haya. Kamati ya Profesa Samuel Wangwe, iliyokusanya maoni kuhusu Shirikisho la Afrika Mashariki mwaka 2006 na 2007, ilikuta kinyume. Wengi walilikubali wazo lenyewe lakini wakakataa liharakishwe. Hilo ni jibu la watu wanaojua kupima.

Njia ya haki ni kugawa kazi. Mkataba wa ushuru, bandari au barabara uende Bungeni kabla ya saini, kwa Kiswahili, na nakala zifike Sumbawanga wiki kadhaa kabla ya kikao. Mkataba wa sarafu au wa shirikisho upigiwe kura na wenye fedha hiyo mfukoni. Hadi 2031 muda upo. Wafanyabiashara wa Majengo wana mbunge, na swali la kumuuliza ni rahisi: shilingi itaondoka kwa idhini ya nani?