Kugombana na Bambo

Wanunuzi wa nafaka wa pwani yetu, tangu kabla mizani za umeme hazijaingia madukani, wanacho chombo kidogo cha chuma kiitwacho bambo, chenye ncha kali mbele na uwazi ndani, ambacho mnunuzi hukichoma ubavuni mwa gunia la mchele, akakichomoa, akamimina kiganjani punje zilizotoka nacho, akazipuliza, akatafuna mbili tatu, ndipo akataja bei. Babu yangu, aliyekuwa na duka la nafaka Ngamiani mjini Tanga, alikuwa akituambia kuwa wauzaji ni wa namna mbili: yupo ambaye bambo likitoa chenga humwuliza mnunuzi, "Umechoma wapi?" kisha akamwomba achome tena, kati na chini, na yupo ambaye hupandisha sauti, akaapa kwa kila kiapo, akamwambia mnunuzi kuwa katumwa na mwenye duka la pili kuja kumharibia biashara. Huyu wa pili, akisema babu, gunia lake hununuliwa kwa bei ile ile ya chenga, ila mtaa mzima umeshakusanyika kusikia.

Nimelikumbuka bambo kwa sababu kila msimu wa uchaguzi ukiwadia hutokea taasisi ikahoji watu elfu moja au elfu mbili katika mamilioni ya wapiga kura, ikatangaza kuwa fulani ana kadhaa kwa mia na fulani ana kadhaa, na haupiti usiku mmoja ila utawaona wakuu wa kampeni iliyoachwa nyuma wameketi mbele ya vipaza sauti, nyuso zimewakunjamana, wakiwaambia waandishi wa habari kuwa takwimu hizo zimepikwa na waliozipika wamelipwa. Je, yafaa? Rai yangu, ambayo sikuifikia kwa haraka, ni kwamba kampeni inayo haki ya kuuliza bambo limechomwa wapi, na ikiuliza kwa adabu na kwa ilimu itakuwa imewafaa hata wapinzani wake. Lakini ikiliacha swali hilo ikashika la nani kamtuma mchomaji, bila ya ithibati mkononi, itakuwa imejidhuru nafsi yake kwanza, na dhara la pili litaiangukia nchi.

Na hapa niseme neno juu ya jina lenyewe. Wakenya huziita hesabu hizi kura za maoni. Kwetu Tanzania kura za maoni aghalabu ni zile wanachama wanazopiga ndani ya chama kumteua mgombea, hata mtu wa Tanga akisikia redio ya Mombasa huweza kudhani uteuzi umeanza upya. Mimi nitaziita utafiti wa maoni, kwa kuwa kura ni tendo, mtu kapanga foleni juani akatiwa wino kidoleni, na maoni ni kauli aliyompa mgeni asiyemjua, naye yu huru kuibadili kabla mgeni hajafika njia panda.

Mfano ulio karibu nasi ni wa mwaka 2015. Mwezi wa Septemba, kabla ya uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba, taasisi ya Twaweza ilitangaza matokeo ya Sauti za Wananchi, utafiti uliofanywa kwa simu Tanzania Bara, ikasema John Magufuli wa CCM ana asilimia 65 na Edward Lowassa, aliyekuwa ametoka CCM mwezi wa Julai na kusimamishwa na Chadema kwa niaba ya Ukawa, muungano wa upinzani, ana asilimia 25. Ikumbukwe hali ya siku zile: mikutano ya Lowassa ilikuwa ikijaa hata watu wakaiita mafuriko, na mtu aliyesimama katikati ya umati ule, jasho la jirani likimlowesha bega, akiambiwa kuwa katika kila watu wanne ni mmoja tu aliye pamoja naye, ghadhabu yake si ya kustaajabiwa. Upinzani uliukataa utafiti, na sauti zilizosikika zaidi zilikuwa za kuituhumu nia ya waliouleta. Kisha Tume ya Uchaguzi ikatangaza Magufuli asilimia 58.46 na Lowassa asilimia 39.97, matokeo ambayo Lowassa na wenzake waliyakataa nayo. Tukizichukua hesabu za Tume kama zilivyotangazwa, utafiti ulimpunja Lowassa alama karibu 15, na hiyo si kasoro ndogo hata kidogo. Lilikuwepo basi jambo la haki la kuulizwa: waliohojiwa ni watu waliogawiwa simu na watafiti wenyewe, je, aliyepewa simu na mgeni humjibu mgeni huyo kama anavyomjibu nduguye? Swali la namna hiyo, likishikiliwa kwa utaratibu, huzaa jawabu. Tuhuma ya rushwa huzaa kukanusha, na kukanusha huzaa tuhuma ya pili.

Nasema haya nikimfikiria bibi mmoja jirani yetu, mjane, muuza vitumbua, aliyepigiwa simu na watafiti jioni moja tukiwa barazani na kahawa. Kwa kuwa masikio yake yamekuwa mazito, aliiweka simu juu ya mkeka kwa sauti ya kusikika na wote, na baraza zima tukanyamaza. Msichana wa upande wa pili akaamkia kwa heshima, akauliza umri, akauliza kazi, kisha akauliza, "Lau uchaguzi ungefanywa leo, bibi, ungempa nani kura yako ya urais?" Bibi akainua macho, akatutazama mmoja mmoja, akawaona vijana wawili waliovaa fulana za chama kimoja, akataja jina la mgombea wao. Vijana wakapiga makofi. Simu ilipokatika alinigeukia kunipa kitumbua changu, akaninong'oneza, "Hawa ndio wanaonibebea maji. Niwaudhi kwa lipi?"

Hapo hapakuwa na rushwa wala aliyetumwa. Palikuwa na ndoo za maji. Na kampeni inayopaaza sauti juu ya fedha za siri haitamgundua bibi yule maisha.

Dhara la kutuhumu nia, aidha, huchelewa kufika. Mwezi wa Julai 2018 taasisi ile ile ya Twaweza ilitangaza kuwa waliomkubali Rais Magufuli wameshuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016 na 71 mwaka 2017 hadi 55. Safari hii walionuna walikuwa upande wa dola: Tume ya Sayansi na Teknolojia iliitaka taasisi ijieleze kwa madai ya kufanya utafiti bila kibali, na mkurugenzi wake, Aidan Eyakuze, akachukuliwa pasipoti yake. Hapo ndipo upinzani ulipohitaji kusimama ukasema, watu wameulizwa nao wamejibu, waacheni. Lakini ungesema kwa kinywa gani, ilhali miaka mitatu nyuma umati wake ulikwisha kufundishwa kuwa neno la watafiti hawa ni la kununuliwa?

Atasimama mwenye kunipinga aniambie: mbona Kenya, mwaka 2022, waliobisha ndio walioshinda? Hoja hii ina uzito, wala siifichi. Wiki moja kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti, watafiti wa Infotrak walimpa Raila Odinga asilimia 49 na William Ruto 41. Tifa wakawakurubisha, 46.7 kwa 44.4, na upande wa Ruto ulizitupilia mbali hesabu za namna hiyo. Kisha Ruto akatangazwa kwa asilimia 50.49, Raila 48.85, tofauti ya kura 233,211, na Mahakama ya Juu ikayathibitisha matokeo tarehe 5 Septemba. Lakini nauliza, ni ubishi ule uliomshindisha, au ni kuzunguka kwake masokoni na makanisani kwa miaka? Na ukizingatia, aliyedhurika na utafiti ule si aliyewekwa nyuma. Ni aliyewekwa mbele. Azimio, muungano wa Raila, ndio waliopaswa kuuliza bambo limechomwa wapi, kwa sababu mtafiti humhoji mtu kitini pake, na jawabu lake halimwamshi alfajiri kwenda kituoni. Mwaka ule walioamka walikuwa kama 65 katika kila mia ya walioandikishwa, nao Agosti 2017 walikuwa wamezidi 75. Takwimu chungu hutafutiwa ila usiku kucha. Tamu humezwa.

Wamarekani, mabingwa wa sanaa hii na wa makosa yake (jarida la Literary Digest lilisambaza karatasi milioni 10 mwaka 1936, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likamtabiria Landon ushindi wa urais, na Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48, kosa likiwa kwamba anwani nyingi zilitoka katika orodha za wenye simu na motokaa), walitupa somo jingine Juni 2020, pale kampeni ya Donald Trump ilipoiandikia CNN ikiitaka ifute utafiti uliompa Joe Biden asilimia 55 na Trump 41, na iombe radhi. CNN ilikataa. Novemba ilipofika Biden alishinda kwa alama nne na nusu, si kumi na nne, kwa hiyo barua ile haikukosa chembe ya haki. Sisemi kuwa barua ndiyo iliyovunja milango ya Bunge lao tarehe 6 Januari 2021. Nasema kwamba wafuasi waliolelewa juu ya neno kuwa kila hesabu inayotuacha nyuma ni ya uongo, watazipokea na kura zenyewe kwa akili hiyo hiyo.

Basi mkuu wa kampeni afanye nini asubuhi ile magazeti yanapotua mezani? Waandishi awape miadi ya kesho. Awatake watafiti jedwali la mikoa, rika na jinsia, na maneno ya maswali kama yalivyosomwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inawataka wachapishaji wamtaje aliyegharimia, idadi ya waliohojiwa na maswali yenyewe, nasi huku hakuna wa kutuzuia kudai mfano wake. Akiliona kosa aliandike, atie jina lake chini. Asipoliona, awatume watu wake mitaani kwa miguu.

Wiki mbili baada ya simu ile ya barazani, utafiti ukiwa umetoka, gari la mgombea aliyewekwa nyuma, ambaye kwa nijuavyo mimi ndiye wa moyoni mwa bibi, lilipita mtaani kwetu likinguruma, "Takwimu zimepikwa! Zimepikwa!" Bibi alikuwa akigeuza vitumbua. Akalifuata kwa macho hata likakata kona, akacheka, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mpishi si mimi hapa? Mwezi mzima wanapita njia hii, hata mmoja hajashuka akaja kuonja."