Ujira wa Kuujua Ubovu

Katika mji wa Kibara, ulioko kandokando ya Ghuba ya Speke katika wilaya ya Bunda, rimoti ya televisheni inapoacha kuitika hupewa sifa moja tu, kwamba imekufa. Na neno hilo likisha kutamkwa hakuna afanyaye tafutishi, bali mwenye nyumba hununua nyingine dukani, au humwagiza aendaye Bunda amletee, na ile ya kwanza hutupwa jalalani pamoja na betri zake, ilhali aghalabu haikuwa na ila kubwa kuliko ukoga kidogo ulioshika springi. Mambo ni hayo hayo Musoma na Butiama, na sidhani kama mikoa mingine inatushinda. Nasadiki kwamba sehemu kubwa ya hasara hii inatoka katika desturi yetu ya kuidharau kazi ya kugundua, ambayo ni nusu ya ufundi wote, na ambayo hatukubali kuilipia.

Hapo kale rimoti haikuwa chombo cha lazima. Mwaka 1955 Eugene Polley, mhandisi wa kampuni ya Zenith huko Marekani, alibuni kifaa cha kumulika pembe za televisheni kwa mwanga, na mwaka uliofuata Robert Adler wa kampuni hiyo hiyo akaleta kingine kisichohitaji betri hata moja, kwa sababu kila kitufe kiligonga kijiti cha alumini kikatoa mlio ambao sikio la mwanadamu haliusikii lakini televisheni iliusikia. Vyote viwili vilikuwa anasa, maana televisheni yenyewe ilikuwa na vitufe vyake vyote. Kwetu, Zanzibar ilipata televisheni, tena ya rangi, mwaka 1973. Bara, ambako Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara, aliiona kuwa ni anasa isiyolingana na hali ya nchi, ilikaa bila kituo mpaka mwaka 1994. Leo mwenye televisheni mpya hukuta kitufe kimoja kimejificha chini ya kioo, au viwili, na kila jambo la maana, kuanzia kutafuta stesheni hadi kubadili njia ya kuingizia picha, limewekwa katika rimoti. Na tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, kimeongezeka king'amuzi chenye rimoti yake ya pili. Kwa hiyo rimoti ikigoma saa moja kabla ya mchezo wa Simba na Yanga, mwenye kibanda umiza hukosa mapato ya usiku mzima, ingawa televisheni ni nzima, king'amuzi ni kizima, na malipo ya mwezi yamekwisha kutolewa. Watengenezaji wametutendea isivyo haki kwa kuviondoa vitufe, na Shirika la Viwango lingefanya hisani kubwa kama lingedai virudishwe. Lakini mpaka siku hiyo ifike, imetupasa kuijua rimoti ilivyo.

Jambo la kwanza kulijua ni kwamba rimoti husema kwa mwanga. Kijitaa kilichoko kichwani pake hutoa miale ya infraredi isiyoonekana kwa jicho letu, nayo kwa kawaida hupepesa kiasi cha mara 38,000 kwa sekunde, ili televisheni ipate kuupambanua mwanga huo na mwanga wa jua na wa taa, ambao nao una infraredi yake. Jicho halioni, lakini kamera ya simu, hata ya simu hafifu, mara nyingi huona. Ielekeze rimoti kwenye kamera, bonyeza kitufe, utazame kioo cha simu: ukiona nukta yenye weupe wa zambarau ikimetameta, basi rimoti inasema, na neno limebaki upande wa msikilizaji. Simu nyingine zina kichujio katika kamera ya nyuma, kwa hiyo mwenye kukosa nukta na ajaribu kwa kamera ya mbele kabla ya kukata tamaa. Jaribio hili halina gharama, halihitaji bisibisi, na laiti lingefundishwa darasani pamoja na somo la mwanga, kila mwanafunzi angelipeleka nyumbani jioni ile ile.

Nukta ikionekana, tazama kijicho cha televisheni au cha king'amuzi kama kimefunikwa na kitambaa cha mezani, au vumbi, au kimepigwa na jua la alasiri liingialo dirishani. Chomoa waya wa umeme kwa dakika chache kisha uurudishe, kwa maana chombo chenyewe nacho hukwama. Angalia pia, kwa adabu na bila kumcheka mtu, kama rimoti uliyoshika ndiyo ya chombo unachokiamuru. Na ile nailoni ambayo wengi wetu huiacha ikiifunika rimoti tangu siku ya kununuliwa, mimi naiheshimu, kwa kuwa huikinga na vumbi na mafuta ya mikono. Ila ikizeeka, ikachujuka na kushika uchafu penye kijitaa, huupunguza mwanga, na hapo haina budi kubadilishwa.

Nukta isipoonekana, shauri la kwanza ni betri, na hapa ndipo penye maneno mengi. Watu wa Kanda ya Ziwa wameishi na betri kwa miaka mingi, tangu zilipoanza kutengenezwa Dar es Salaam katika kiwanda cha Matsushita miaka ya 1960 zikauzwa kwa jina la National, na wazee wetu wakasikiliza habari za dunia kwa redio zilizokula betri hizo. Katika enzi hiyo tulirithi desturi ya kuzianika juani zikichoka. Desturi hiyo haikosi ukweli, kwa maana joto huuharakisha mchanganyiko wa dawa zilizomo ndani, na betri ikapata nguvu za muda. Lakini betri ya bei nafuu ina mkebe wa zinki, na mkebe huo si chombo tu cha kuhifadhia dawa, bali ndio hasa unaoliwa ili umeme upatikane, hivyo kadiri betri inavyotumika ndivyo ukuta wake unavyokonda, na siku betri inapochoka kabisa ukuta umekwisha kuwa mwembamba au umetoboka. Kuianika betri ya namna hiyo, au kuing'ata kama wafanyavyo vijana, ni kuialika dawa yake itoke nje na kuilamba springi ya rimoti. Rimoti nyingi zilizozikwa majalalani ziliuawa na betri iliyokwisha kazi yake lakini haikutolewa.

Basi betri zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, za namna moja, wala mpya isichanganywe na kuukuu, kwa kuwa ile kuukuu huidhoofisha mpya. Pande za kujumlisha na kutoa zifuate alama zilizochorwa. Springi ikiwa imeshika ukurutu, isuguliwe kwa kitambaa kikavu au msasa laini. Ukurutu mweupe wa betri za alkalini hulainika kwa tone la siki au maji ya ndimu, kisha pafutwe, pakaushwe vizuri. Mwenye kipimo cha umeme atakuta betri mpya ina volti 1.5 au zaidi kidogo. Betri zilizokufa zisitupwe ziwani wala shambani, bali ziwekwe mbali na watoto.

Betri zikiwa njema na nukta bado haionekani, au ikionekana kwa vitufe kadhaa tu, ugonjwa uko ndani. Chini ya vitufe pana mpira wenye vidoa vyeusi vya kaboni, na kila kidoa kikibonyezwa huunganisha njia mbili zilizochorwa katika bodi. Mafuta ya mikono na jasho hupenya humo polepole, yakatanda kati ya kaboni na bodi. Dalili yake ni kitufe cha sauti kugoma wakati cha stesheni kinaitika. Mpira huo huoshwa kwa sabuni na maji, ukaanikwa kivulini mpaka ukauke, na bodi hufutwa kwa spiriti. Kidoa kilicholika, mafundi wetu hukitengeneza kwa kukibandikia kipande cha karatasi ya fedha itokayo katika pakiti ya sigara, na hila hiyo ni ya kusifiwa. Kuna pia kitufe kilichonasa, ambacho hufanya rimoti iseme mfululizo bila kubonyezwa, ikamaliza betri mpya upesi na kuvizuia vitufe vingine visisikiwe. Rimoti iliyoanguka sakafuni huenda imevunjika kile kipande kidogo cha seramiki kinachotetemeka ili kuupimia mwanga mwendo wake, au risasi ya kuunganishia imeachia pale springi inaposhikana na bodi. Na hayo ni ya fundi mwenye mkono uliozoea.

Fundi huyo yupo Kibara, na wenzake wapo katika kila soko la barabara iendayo Kisorya. Lakini tazama tunavyomtendea. Ukimpelekea rimoti, akaifungua, akaona kitufe kimenasa, akakinasua na kukurudishia katika muda mfupi, utamwambia kwamba hakufanya kazi, na utampa shukrani tupu. Akikuambia kwamba haifai, akakuuzia mpya, utamlipa bila kunung'unika. Hivyo tumemfundisha wenyewe kwamba uaminifu hauna mapato, na kwamba maarifa yake yana thamani pale tu yanapofuatana na bidhaa. Sioni insafu katika jambo hilo. Kujua kwamba chombo ni kizima, na kusema hivyo kwa mtu aliyekuja tayari kununua, ni kazi iliyomgharimu miaka ya kujifunza.

Mimi naomba iwepo ada ya ukaguzi, ndogo, inayotajwa kabla rimoti haijafunguliwa, na kulipwa hata kama jawabu ni kwamba betri ziliwekwa kinyume. Fundi akitengeneza, ada hiyo ikatwe katika ujira wake. Na rimoti isiyoponyeka aachiwe yeye, maana mna ndani yake kijitaa, springi na kipande cha seramiki ambavyo vitamfaa jirani atakayekuja kesho.