Asali ya Singida: Ipi inaua bakteria kweli?

Ukiuliza asali ya dawa Singida, mara nyingi utaelekezwa kwenye ya nyuki wadogo, wale wasiouma. Bei yake iko juu kuliko ya nyuki wakubwa na wateja hulipa bila ubishi. Kwa wafugaji wa maeneo kama Ihanja, wilayani Ikungi, swali la kama mteja analipia dawa au jina tu lina pesa ndani yake.

Asali ya kawaida ina sukari nyingi na maji kidogo, kwa hiyo bakteria hunyonywa maji mpaka wanakauka. Pia ni chachu: pH yake huwa kati ya 3.2 na 4.5. Lakini silaha yake kubwa ni kimeng'enya ambacho nyuki wenyewe hukiweka. Asali ikigusa majimaji ya kidonda, kimeng'enya hicho hutengeneza haidrojeni peroksaidi, dawa ileile ya kusafishia vidonda, ila kidogo kidogo.

Shida ni kwamba kimeng'enya hicho hakistahimili joto wala mwanga. Asali iliyochemshwa kwa sababu imeganda (kuganda si dalili ya kuchakachuliwa, jamani), au iliyoshinda juani kwenye chupa nyeupe kando ya barabara, inabaki tamu vilevile. Nguvu ya dawa ndiyo inayoshuka, na mnunuzi hana namna ya kujua kwa kuonja.

New Zealand walikwepa tatizo hilo kwa bahati ya mti. Asali ya manuka inategemea zaidi kemikali ya methiliglioksali, inayotokana na nekta ya maua ya mti huo. Peter Molan wa Chuo Kikuu cha Waikato alianza kuichunguza miaka ya 1980, na leo chupa nyingi zina namba ya kipimo kwenye lebo. Mwaka 2007 Marekani iliruhusu bidhaa za vidonda zenye asali hiyo. Singida haina manuka. Ila bei ile kubwa inashikiliwa na namba, na kupima hakuhitaji manuka.

Je, nyuki wadogo? Asali yao ni chachu zaidi na huwa na maji mengi, mara nyingi kupita asilimia 20 ambayo ni kikomo cha kimataifa kwa asali ya kawaida. Maabara za nchi mbalimbali zimeona inaua bakteria, lakini nguvu hubadilika kulingana na aina ya nyuki na maua. Sifa yake ina msingi, japo si kila chupa inastahili. Tena huchacha haraka. Rangi nyeusi nayo si ushahidi, maana hata asali iliyozeeka au kuchemshwa huwa nyeusi.

Mwaka 2018 Uingereza ilishauri watu wajaribu asali kwa kikohozi cha kawaida kabla ya kukimbilia antibayotiki, kwa hofu ya usugu wa dawa. Mtoto chini ya mwaka 1 asipewe kabisa. Asali ya vidonda hospitalini huuliwa vijidudu kwa mionzi kwanza, kwa hiyo ya sokoni isipakwe kwenye kidonda kikubwa.

Kwa mfugaji wa Ihanja, hatua za mwanzo ni rahisi: ndoo safi yenye mfuniko, kivuli, kutochemsha, na kutochanganya asali ya nyuki wadogo na wakubwa. Kipimo cha maabara ndicho kigumu, na hicho kinahitaji ushirika, si mtu mmoja mmoja.