Unga wa Protini Unakula Fuliza Yako na Madondo Ziko Hapo Kwa Kibanda

Pita gym yoyote ya mtaa saa kumi na mbili jioni, iwe ni Umoja, Kayole ama Githurai, utapata imejaa hadi nje. Chuma zingine ni za duka, zingine ni mikebe ya rangi imemwagwa simiti. Hiyo ni poa kabisa. Kitambo gym ilikuwa mambo ya mabaunsa, siku hizi hadi madem wanapiga tizi.

Shida ni simu. Ukifungua TikTok, lazima upatane na msee wa vesti akikushow ati bila mkebe wa unga unatoka jasho bure. Na mkebe mkubwa wa kutoka majuu unapita thao saba bila aibu. Kuna mabuda wanachelewesha rent juu ya hiyo kitu. Wengine wanaingia Fuliza.

Sasa tupige hesabu. Mwaka wa 2018 watafiti walikusanya majaribio 49 ya watu wanaoinua vyuma wakitumia protini ya ziada. Walipata kwamba ukipita kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, faida inaisha. Na ile tofauti ya kuongeza protini? Kwa wastani ilikuwa kama gramu 300 za mwili usio na mafuta. Gramu 300, wasee. Kazi kubwa ilikuwa imefanywa na chuma.

Kwa hivyo msee wa kilo 70 anataka kama gramu 112 kwa siku. Yai moja liko na kama 6, so mayai matatu asubuhi ni 18. Paketi ya maziwa ya nusu lita ni kama 16. Lunch, vikombe viwili vya madondo zimeiva, hapo umeokota kama 30. Supper piga omena, na hapa ndio watu hulala: omena kavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini tupu. Gramu 50 tu zinakupea zaidi ya 25. Ongeza chapati, ongeza ugali (eeh, hata ugali iko nayo kidogo) na umefika hapo karibu 110.

Mtu atasema protini ya mimea ni dhaifu. Ni ukweli nusu. Mahindi yamekosa lysine ya kutosha na maharagwe yako nayo mob, sasa ukichanganya zinafunikana. Hiyo inaitwa githeri. Shosh alikuwa anajua hii story kabla ya kocha wako wa TikTok kuzaliwa.

Siwezi danganya, unga si sumu. Kama uko na ganji na hauna time ya kupika, tumia, bora ni wa ukweli. Hapo kwa ukweli ndio naogopa. Kuna mikebe inauzwa kwa WhatsApp haina sticker ya KEBS, haina tarehe, na muuzaji anakuambia "hii ni kali". Pia kuna vidonge na sindano zinapitishwa chini ya maji ati ni "vitamini". Nyingi ya hizo ni steroidi. Ukianza kuzitumia, mwili unaona homoni ya kiume imejaa, unaacha kutengeneza yake. Mapumbu yanasinyaa, mbegu zinapungua, chunusi mgongo mzima, wengine wanaota matiti. Moyo nao unanenepa, na huo hauonekani kwa kioo. Msee anadedi akiwa na sikspaki.

Kwa chuma hakuna siri kubwa. Kila misuli ipigwe kama mara mbili kwa wiki, na uzito ama idadi iwe inapanda pole pole. Kama ni ile ile ya January hadi December, mwili hauna sababu ya kubadilika. Halafu ulale. Ukikesha hadi saa tisa usiku ukiangalia mpira wa Marekani Kusini, usilaumu madondo.

Ukitaka ushahidi enda site yoyote ya mjengo saa saba mchana. Angalia mabega ya wale wasee wa kubeba mawe, halafu angalia kwa sahani yao.