Kumbe Kuku Alikuwepo

Mbalamwezi na projekta havipatani. Mwaloni watu wanalijua hilo kwa njia yao: mwezi ukiwa mpevu ndagala hawafuati taa, apollo zinafungwa ufukweni, nyavu zinashonwa, na wanaume wa Rumonge, Burundi, wanalala makwao kama binadamu wengine. Kwa hiyo anayetaka kuonyesha filamu kando ya Ziwa Tanganyika ana mtihani. Akichagua giza, picha itatoka safi lakini wavuvi watakuwa majini, taa zao zikimetameta nyuma ya skrini kama mji wa pili. Akichagua mbalamwezi, watu watajaa na picha itapauka kama maziwa yaliyotiwa maji.

Shirika moja la sanaa kutoka mjini, ambalo niliwahi kufuatana nalo, halikuwa na habari ya mtihani huo. Lilichagua Jumamosi kwa kuangalia kalenda ya ofisi, likaangukia mwezi mpevu. Jenereta likawashwa, shuka likatundikwa kati ya michikichi miwili, na kwenye shuka hakikuonekana kitu zaidi ya vivuli vikitembea. Kijana mmoja mpakuzi wa samaki ndiye aliyesema shuka lihamishiwe ubavuni mwa ghala, penye kiza. Likahamishwa. Filamu ikaonekana, si sana, ila ya kutosha.

Ilikuwa filamu fupi, ya zile zinazoitwa za kisanii. Mwanamke anangoja mtumbwi, maneno ni machache, na mwisho hausemi kama mtumbwi ulirudi au haukurudi. Ilipokwisha palizuka ubishi. Akina mama waliokaa mbele walishikilia kwamba mume amekufa, maana mwanamke alikunja mkeka, na mtu hakunji mkeka wa anayemngoja. Mzee mmoja akasema hapana, tatizo ni kwamba yule mume si mvuvi hata kidogo. Tazameni alivyofunga kamba, akasema. Fundo lile linafunguka kabla hujavuka mawimbi ya kwanza, kwa hiyo kama amekufa, kajitakia. Watu wakacheka mpaka basi.

Kesho yake tulikuwa njiani kurudi Bujumbura, kilomita sabini na kitu za barabara ambayo ziwa limekuwa likiinyemelea miaka hii ya maji kupanda. Mkuu wa msafara akatoa hukumu. "Ilikuwa ngumu kwao. Si umemsikia yule mzee? Filamu nzima yeye kaona kamba. Watu hawa wanahitaji filamu za mafunzo."

Hukumu hiyo si yake peke yake. Utaisikia kwa wafadhili, kwa maofisa wa utamaduni, na kwa wasanii wenyewe wakishaagiza chupa ya pili. Sanaa ibaki mjini, mwaloni upelekewe mafunzo: kunawa mikono, kutumia chandarua, kupatana na jirani. Inasemwa kwa sauti ya huruma, na ndiyo maana hakuna anayeihoji. Mimi nasema si kweli, na tena ni uzushi mkongwe kuliko wanaoutamka.

Mwaka 1961 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha London, John Wilson, alichapisha kisa kimoja cha Afrika. Mkaguzi wa afya alikuwa ametengeneza filamu ya dakika kama tano kuwafundisha wanakijiji kuondoa maji yaliyotuama majumbani. Ilikwenda polepole sana, kwa makusudi, ili waelewe. Ikaonyeshwa kwa watu wapatao thelathini, kisha wakaulizwa wameona nini. Wakajibu: kuku. Waliotengeneza filamu wakashangaa, maana hawakujua kama ndani yake mna kuku. Wakaipitia picha moja baada ya moja mpaka wakamkuta, kaonekana kama sekunde moja tu, akiruka pembeni chini ya picha. Mwaka uliofuata Marshall McLuhan akakitia kisa hicho katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy, na tangu hapo kimezunguka dunia kikiwa ushahidi kwamba asiyejua kusoma hajui kutazama.

Ukikisoma ukiwa umekaa mwaloni kinageuka. Walioshindwa kutazama ni wale walioitengeneza filamu. Kuku alikuwemo katika picha yao wenyewe na hawakumwona, ila watazamaji thelathini walimwona katika sekunde moja. Tena katika dakika tano za kumwaga maji ya ndoo, kuku yule huenda ndiye kitu pekee kilichofanya jambo bila kuamrishwa. Ningekuwa pale, nami ningemwona yeye. Mzee wa Rumonge aliona fundo la kamba kwa jicho lile lile, na fundo lile lilikuwa kasoro ya kweli ya mwongozaji, ambayo hakuna mhakiki wa mjini angeigundua.

Imani kwamba mtu wa kijijini hajui kutazama ina mizizi yake hapa hapa Afrika Mashariki. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika. Zilitoka 35, na zilitembezwa kwa lori katika makoloni yao ya Afrika Mashariki na Kati: filamu kuhusu minyoo ya safura, kuhusu ngozi za ng'ombe, kuhusu benki ya akiba ya posta. Vita vilipoanza 1939 ikaundwa Colonial Film Unit, na William Sellers akaiwekea kanuni: picha iende polepole, kamera isirukeruke, hila zisiwepo, mtazamaji asije akachanganyikiwa. Wabelgiji waliotawala Burundi na Kongo nao walikuwa na zao, nyingi zikipitia mikononi mwa wamisionari. Bendera zilishushwa zamani. Zile kanuni bado zimo katika maandiko ya miradi, zimebadilishiwa nguo tu.

Sasa njoo kwenye kibanda cha video. Kuta za mabati, mabenchi, televisheni moja imewekwa juu kama sanamu ya mtakatifu, na spika kubwa kuliko televisheni. Humo zimepita muvi za ngumi za Hong Kong, za mapenzi za Bombay, za uchawi za Nigeria, na za Bongo. Rumonge ni mji ambao Kiswahili kinasikika sokoni, msikitini na majumbani, kwa hiyo filamu za Dar es Salaam hazikuhitaji pasipoti kufika. Nyingine zimekuja zikiwa zimetafsiriwa, na kutafsiri huko si maandishi chini ya picha. Ni mtu, sauti, mtindo aliousimika Lufufu kule Tanzania; Uganda msemaji wa namna hiyo anaitwa VJ. Anaeleza, anatania, anambatiza adui jina la diwani wa mtaani, na mara nyingine anaikosoa filamu papo hapo.

Aliyelelewa na sauti hiyo anafuatilia hadithi mbili kwa mpigo, ya picha na ya msemaji, na anajua wakati gani msemaji anadanganya. Anajua stelingi hafi mapema, na akifa anajua kwamba amevunjiwa kanuni, anataka sababu. Nani basi kasema mtu huyu hawezi filamu isiyo na mwisho? Wajapani walikuwa na wasemaji kama hao enzi za filamu bubu, wakiitwa benshi, na watu walilipa zaidi kwa ajili ya sauti zao kuliko kwa ajili ya waigizaji. Kaka yake Akira Kurosawa alikuwa mmoja wao. Hakuna anayesema Wajapani walikuwa hawaelewi sinema.

Dar es Salaam wapo waliolitambua hili. Kundi la Ajabu Ajabu, ambao kazi yao ni kuonyesha na kuhifadhi filamu, walitengeneza Apostles of Cinema, kuhusu watu wa vibandani na maktaba za video. Ndani yake yumo msemaji akiitia sauti yake Maangamizi, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ya 2001. Maangamizi ni filamu nzito, ya ndoto na mizimu, ambayo mtu wa mradi angeifungia mjini kabla hata haijatoka kwenye jalada. Wao wakampa mtu wa kibandani.

Tuje kwenye hayo mafunzo. Ardhi ya Rumonge ina historia chungu. Machafuko ya 1972, yaliyoanzia huko huko Rumonge na Nyanza-Lac mwezi Aprili, pamoja na mauaji yaliyofuata, yaliwavusha watu wengi kwenda Tanzania, wakaishi miongo Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wengi walipoanza kurudi, hasa 2008 na 2009, walikuta michikichi ya baba zao ikivunwa na wengine, na wengine hao nao walikuwa na karatasi. Niliwahi kuona filamu ya mafunzo juu ya jambo hili. Majirani wawili wanagombana, mzee wa hekima anaingia, wanapeana mikono, muziki unapanda. Nyuma yangu mama mmoja akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya mawese: "Na michikichi kachukua nani?"

Kwa swali hilo filamu haikuwa na jibu, maana majibu yake yalikuwa yameandikwa kabla kamera haijawashwa, tena katika lugha ya mfadhili. Filamu ya mafunzo inamchukulia mtazamaji kama mtu asiyejua. Mama yule alijua mpaka idadi ya miti.

Nakubali kwamba hadithi yenye nia njema yaweza kuwa hadithi kweli. Mchezo wa redio wa Marie-Louise Sibazuri, Umubanyi niwe umuryango, ulioanza 1997 kupitia Studio Ijambo vita vya Burundi vikiendelea, ulikuwa na nia ya wazi, Wahutu na Watutsi waishi pamoja, na bado watu waliacha kazi zao kuusikiliza. Lakini Sibazuri aliwaacha watu wake wakoseane kwanza, kwa muda mrefu, kipindi baada ya kipindi, kabla ya kuwapatanisha. Hakuwa na dakika ishirini na fomu ya tathmini.

Upande wa filamu, Burundi ina mfano mzuri zaidi, nao ni wa kuchekesha. Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, mwanamuziki aliyegeuka mwongozaji, ilitoka 1992 na ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya nchi hii. Gito anarudi kutoka Paris na digrii yake akingoja uwaziri; uwaziri hauji, na wanawake wawili aliodhani atawachezea wanaungana kumtia adabu. Haimfundishi mtu kunawa mikono. Ngabo huyo huyo ndiye aliyekuwa nyuma ya FESTICAB, tamasha la filamu lililoanza Bujumbura 2009, na ukitaka kujua faida ya sinema ya kwetu linganisha kazi yake na ile ya wageni. Gustave, mamba mla watu wa ufuko huu, alitengenezewa filamu ya Hollywood, Primeval, ya 2007. Hadithi ni ya Burundi, picha zilipigwa Afrika Kusini. Ukimwonyesha mvuvi wa Rumonge, atatambua mara moja kwamba lile si ziwa lake, na mtu wa mradi ataandika kwamba mvuvi hakuelewa filamu.

Sisemi kila kinachoitwa sanaa kinastahili shuka. Ziko filamu zinazojificha nyuma ya ugumu kwa sababu hazina la kusema, na watu wa mwaloni huzikimbia mapema, jambo ninalowaonea wivu, maana mjini tunazikalia mpaka mwisho na kupiga makofi. Liko pia suala la lugha. Filamu ya Kifaransa yenye maandishi ya Kifaransa haifai kuwa kipimo cha akili ya mtu anayeongea Kirundi na Kiswahili. Ikishindwa, kilichoshindwa ni bajeti iliyokuwa na fungu la mafuta ya gari na fulana, na haikuwa na fungu la msemaji.

Na ndipo ninapogombana na mwaka wa mashirika haya, yaani ule unaoandikwa kwenye ripoti ya Desemba. Filamu kadhaa, vijiji kadhaa, watazamaji elfu kadhaa. Usiku ule wa mbalamwezi nilimwona mhesabuji akihesabu vichwa, nusu yake watoto waliofuata taa tu, na kwa haraka aliyokuwa nayo sidhani kama mbuzi walisalimika. Ubishi wa mkeka haukuwa na safu ya kuuandika. Wala haikupangwa kurudi hapo hapo mwezi mpevu uliofuata, kuwaonyesha wale wale filamu nyingine, ingawa kila msanii anajua kwamba onyesho la pili ndilo linalojenga watazamaji.

Wakati nyaya zinakunjwa alikuja mwenye kibanda cha jirani, akaomba ile filamu ya mwanamke na mtumbwi aiweke kwenye fleshi. Alitaka kuionyesha Alhamisi, atie sauti mwenyewe, na lile fundo la kamba alikuwa ameshalipatia utani. Aliuliza bei. Akaambiwa kuna haki za filamu, na kwamba tafsiri ya kibandani itaiharibu.

Akaenda zake. Ripoti ya mwaka ule ninayo, imechapwa kwa karatasi nzuri. Picha ya jalada ilipigwa mapema usiku ule, kabla shuka halijahamishwa: umati umesimama chini ya michikichi umekodolea kitambaa cheupe kisicho na kitu.