Tuambiwe kilichopimwa

Kila tunapoarifiwa kwamba magofu fulani yana umri wa miaka 1,000, au kwamba kaburi fulani ni la karne ya 9, swali la kwanza liwe hili: kilichopimwa ni kitu gani? Mara nyingi habari inayotufikia haijibu. Tunapewa mwaka, pengine na jina la maabara, basi. Upungufu huo si wa wanahabari peke yao. Makumbusho, idara za mambo ya kale na watafiti wanaozungumza na umma wanahusika pia.

Kipimo cha kaboni hakipimi ukuta, mnara wala mji. Kinapima kitu kilichowahi kuishi: mkaa, mbegu, mfupa, kombe la chaza, kipande cha mti. Kila kilicho hai hupata kaboni kutoka hewani au katika chakula chake, na ndani yake mna kaboni-14 kidogo sana, ambayo huzaliwa juu angani pale miale itokayo anga za mbali inapokutana na naitrojeni. Kiumbe akifa haongezi nyingine, na ile aliyo nayo hupungua kwa mwendo usiobadilika. Baada ya miaka 5,730 hubaki nusu. Willard Libby na wenzake wa Chicago walionyesha mwaka 1949 kwamba upungufu huo unaweza kutumika kujua umri wa vitu, na mwaka 1960 Libby akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Kwa Afrika, ambako miji mingi haikuacha maandishi yake yenyewe, kazi hiyo ilikuwa na faida kubwa mno.

Lakini maabara inachotoa ni tarehe ya kifo cha kitu kile. Kuunganisha kifo hicho na jengo ni kazi ya mchimbaji, na makosa mengi huingia hapo.

Kisa cha Great Zimbabwe kinapaswa kujulikana na kila anayeandika habari za kale. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, vipande vya mti vilivyotolewa katika mfereji wa maji ndani ya ukuta wa jengo kubwa la mawe vilipimwa kwa kaboni. Majibu yakaonyesha karne ya 6 hadi ya 8. Wakati huo walowezi wengi wa Rhodesia walikuwa bado wanashikilia kwamba mji ule haukujengwa na Waafrika, bali na Wafoinike au wageni wengine wa zamani, ingawa David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba ni kazi ya Waafrika. Tarehe ya mapema namna ile ilikuwa zawadi kwa wapotoshaji.

Maabara haikukosea. Mti wenyewe ni wa jamii ngumu, unaoishi miaka mingi na usioliwa upesi na mchwa. Sehemu ya ndani ya shina huacha kupokea kaboni mpya zamani mti ukiwa bado umesimama, na gogo lake linaweza kutumika katika jengo moja kisha likahamishiwa jingine. Kilichopimwa ni mti wa kale ndani ya ukuta mpya. Utafiti uliofuata uliweka ustawi wa mji huo kati ya karne ya 13 na ya 15, na sarafu ya Kilwa iliyochimbuliwa palepale inakubaliana na hesabu hiyo. Ni sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Dhahabu ya bara ilishuka hadi Sofala ikapanda kwa jahazi mpaka Kilwa, na sarafu moja ya huko ikabaki bara kutoa ushahidi.

Ukweli huo haukuwafurahisha watawala wa Rhodesia. Peter Garlake, aliyekuwa mkaguzi wa majengo ya kale, alisema wazi kwamba Great Zimbabwe ni ya Waafrika, na mwaka 1970 akaondoka nchini. Tarehe za kale zina siasa yake, na anayezitangaza bila maelezo anawaachia wengine nafasi ya kuzijaza uongo.

Pwani yetu ina mitego ya namna yake. Chaza hupata kaboni kutoka baharini, na maji ya bahari hushikilia kaboni ya zamani, hivyo kombe la jana linaweza kuonekana lina miaka 400 hivi zaidi ya umri wake. Hata mifupa ya watu huathirika, maana wenyeji wa miji hii walikula samaki kizazi baada ya kizazi. Asipoliangalia hilo, mpimaji atamfanya marehemu kuwa mkubwa kuliko alivyo. Mawe ya matumbawe na chokaa yake nayo yana kaboni iliyokufa zamani sana.

Tena kuna suala la pepo. Kiwango cha kaboni-14 hewani hakikuwa kilekile kila karne, kwa hiyo majibu ya maabara husahihishwa kwa kulinganishwa na pete za miti ambayo umri wake unajulikana. Nusu ya kaskazini ya dunia ina jedwali lake na nusu ya kusini lake, na tofauti ni makumi machache ya miaka. Sisi tunapata hewa ya kaskazini wakati wa kaskazi na ya kusini wakati wa kusi. Mtafiti makini hueleza ametumia jedwali lipi, au amechanganya yote mawili kwa kiasi gani.

Kazi nzuri ipo, na tuisifu. Huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton na wenzake walichimba katika miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe, wakakuta misikiti mingine iliyotangulia, na chini kabisa alama za nguzo za jengo la miti la karne ya 8. Hawakutegemea kipimo kimoja. Walisoma matabaka moja baada ya jingine, wakalinganisha majibu ya kaboni na vigae vilivyotoka ng'ambo. Na siku hizi, kwa kuwa mashine mpya huhesabu atomi zenyewe na kutosheka na miligramu moja ya kaboni mahali ambapo zamani zilihitajika gramu kadhaa, inawezekana kupima punje moja ya mpunga iliyoungua. Mpunga huishi msimu mmoja tu, hivyo mashaka ya mti mkongwe hayapo. Kwa njia hiyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha mpunga na choroko za Asia zikiliwa Komoro na Madagaska tangu karne za 8 hadi 10, wakati wenyeji wa pwani ya bara walitegemea zaidi nafaka za Kiafrika.

Kipimo hiki kina mwisho wake pia. Baada ya miaka 50,000 hivi, kaboni-14 iliyobaki ni chini ya sehemu moja kati ya 400. Ndiyo maana mtoto aliyezikwa katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, miaka 78,000 iliyopita, hakupimwa kwa kaboni. Umri wake ulipatikana kwa kuchunguza ni lini punje za mchanga uliomzunguka ziliona mwanga kwa mara ya mwisho. Anayesema amepimwa kwa kaboni anapotosha.

Basi tunaomba yafuatayo kwa watafiti na makumbusho. Taarifa kwa umma na mabango ya maeneo ya kale yataje kitu kilichopimwa na tabaka kilimotoka. Yatoe kipindi, si mwaka mmoja. Maabara ikiandika 40 pungufu au zaidi, maana yake ni kwamba kuna nafasi mbili kati ya tatu tu za ukweli kuwa ndani ya mipaka hiyo. Na "miaka iliyopita" ya maabara huhesabiwa kurudi nyuma kutoka 1950, si kutoka leo.

Serikali nazo zizuie uchimbaji wa misingi na mashimo ya taka katikati ya magofu kabla wataalamu hawajafika. Vigae vilivyotawanywa vinaweza kuokotwa. Mkaa uliohamishwa kutoka tabaka lake hauwezi tena kutuambia chochote kuhusu ukuta uliokuwa juu yake.

Gazeti hili, kwa upande wake, likiletewa mwaka bila maelezo hayo litayadai kwanza, ndipo lichapishe.