Stelingi na Mwizi wa Kuku



Kila mkazi wa Mbinga mwenye umri wa kutosha anakikumbuka kibanda cha video. Kilizungushiwa mabanzi au matete, kikafunikwa turubai ili giza lipatikane mchana, na jenereta ikanguruma nje. Huku Bara televisheni ilianza mwaka 1994, tena Dar es Salaam, na mawimbi yake hayakutufikia upesi. Kwa hiyo vijana wa milimani waliokwisha kuuza kahawa, na wavuvi wa Mbamba Bay na Liuli waliokwisha kuuza usipa, walilipa kiingilio wakaketi kwenye magogo kumtazama Rambo. Jina hilo lilienea hata mfuko wa plastiki ukaitwa rambo, na watu wakaendelea kuuita hivyo mpaka Serikali ilipoipiga marufuku mifuko hiyo mwezi Juni 2019.

Vibandani humo tulijifunza kanuni moja: stelingi hafi. Stelingi ni mtu mwema aliyeonewa. Polisi wa mjini kwake ni wazembe au wala rushwa, hakimu amewaachia wahalifu, basi anashika bunduki mwenyewe na ukumbi mzima unapiga makofi. Siku hizi vibanda vimepungua na picha hizo zimo katika simu za vijana wetu. Hatuandiki ili kuzilaani. Baadhi yetu tulizitazama tulipokuwa seminari, tena kwa furaha, na hatukumbuki kama tuliungama.

Tunaandika kwa sababu ya ile sauti inayopigwa gulioni au usiku kijijini: "Mwizi! Mwizi!" Mmoja wetu aliitwa na mama mmoja kuja kumzika mwanawe. Kijana huyo alikutwa na kuku wawili, akashindwa kueleza upesi amewatoa wapi. Mazishini walikuwapo watu saba. Waliompiga walikuwa wengi kuliko hao, na baadhi yao huketi kanisani mabenchi ya mbele, lakini habari iliyotolewa ilisema tu kwamba aliuawa na "wananchi wenye hasira kali". Tuyatafakari maneno hayo tuliyokwisha kuyazoea. Hayana jina la mtu hata mmoja. Stelingi wa filamu walau huonyesha uso wake.

Tuchukue filamu moja iliyozaa nyingine nyingi. Mwaka 1974 huko Marekani ilitolewa "Death Wish", ambamo Charles Bronson anaigiza msanifu wa majengo wa New York. Wahuni watatu wanaingia nyumbani kwake, wanamuua mkewe na kumtendea binti yake unyama. Bwana huyo anaanza kutoka usiku na bastola, akiwapiga risasi wanyang'anyi anaokutana nao mitaani. Watazamaji wengi hawatambui jambo moja: wale watatu waliomuua mkewe hawapati kamwe. Wanatoweka mwanzoni mwa picha wala hawaonekani tena. Wanaokufa ni watu wengine. Mtunzi wa riwaya iliyotumiwa, Brian Garfield, hakupendezwa na jinsi filamu ilivyompamba muuaji, na mwaka 1975 akatoa riwaya ya pili ili kuonyesha ubaya wa njia hiyo. Wenye filamu hawakumsikiliza. Walitoa ya pili mwaka 1982, ya tatu 1985, ya nne 1987 na ya tano 1994, na katika kila moja mtu mwingine wa karibu naye anauawa, ili apate sababu ya kuanza upya. Miaka 20 ya kuua, na mtaa wake haukupata usiku mmoja wa amani! Naye Rambo, katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, anakufa mwishoni. Filamu ya mwaka 1982 ilimwacha hai, na kwa ajili hiyo ameweza kurudi mara nne, hadi mwaka 2019. Stelingi hafi kwa sababu akifa, biashara nayo imekufa.

Lakini tofauti kubwa zaidi ni hii. Katika filamu sisi watazamaji tumeuona uovu ukitendeka. Tulikuwamo chumbani pamoja na mhalifu, kwa hiyo hatuna shaka juu yake. Gulioni hakuna aliyekuwamo chumbani. Yuko mtu mmoja aliyepiga kelele, na mia waliomwamini kwa sababu alipiga kelele kwa nguvu. Huenda ni mdai wake, huenda ni mume mwenye wivu, huenda amemfananisha tu. Kwa sababu hiyo Katiba yetu, katika Ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa, na Ibara ya 14 inamlinda kila mtu uhai wake. Sheria inamruhusu raia kumkamata mhalifu, lakini amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hata sungusungu, waliotokea Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipotambuliwa kisheria mwaka 1989 walipewa uwezo wa kukamata, si wa kuhukumu. Aliyeleta petroli na aliyeshika miguu ni washiriki katika mauaji sawa na aliyewasha kiberiti, na adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa.

Tunajua mtakachotujibu, na tunakiri kwamba mna haki ya kukisema. Kutoka vijiji vingine vya ziwani hadi kituo cha polisi ni safari ya siku nzima, na masika barabara haipitiki. Mtuhumiwa anapelekwa Jumatatu, Jumatano anaonekana sokoni akicheka. Wapo askari wanaodai mafuta ya gari kabla ya kuja, na wapo mahakimu ambao bahasha imewahi kufika mezani pao. Maovu hayo Kanisa halina budi kuyakemea bila kuogopa cheo cha mtu. Hata hivyo, aliyetoka kwa dhamana hajashinda kesi, ataitwa tena. Na kesi nyingi hufutwa kwa jambo lililo mikononi mwetu wenyewe: mashahidi hawaji. Mia walikuwapo kumpiga, lakini mahakamani hawaonekani hata wawili wa kusema waliona nini.

Wapo pia wanaojitetea kwamba hawakurusha jiwe, walisimama tu. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 7, Sauli hakumrushia Stefano jiwe hata moja. Alitunza nguo za wanaorusha. Nasi simu zetu siku hizi zimekuwa na kazi hiyo hiyo, pale tunapopiga picha mtu akifa na kuwatumia rafiki.

Kwa hiyo tunawaomba wenyeviti wa Jumuiya Ndogondogo wafanye mambo haya kabla ya msimu wa kahawa, wakati fedha na wizi huja pamoja. Kila jumuiya iteue watu wazima wanne, wawili wawe akina mama, ambao kelele ikipigwa watakwenda haraka kumzunguka mtuhumiwa, na mmoja wao awe na namba ya mtendaji wa kijiji na ya kituo cha polisi. Mkoba na simu ya aliyekamatwa vihifadhiwe visipotee, maana ni ushahidi kwake au dhidi yake. Aliyeibiwa aandikiwe siku ileile alichopoteza. Naye aliye tayari kutoa ushahidi katika Mahakama ya Mwanzo, lakini anaogopa au hana nauli ya kutoka ziwani, aje kwa katekista wake: Kamati ya Haki na Amani ya parokia itampatia nauli, na mjumbe mmoja ataketi naye mahakamani mpaka jina lake liitwe.